Kemia ya Kidato cha Sita kwa Simu: Naunga Mkono, Ila Msimnyime Maabara

Huku Joubert Park mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Zamu za usiku zimenibana wiki mbili hizi, ndiyo maana mmeona kimya. Leo niko mapumziko, nimefua, nimepika ugali wangu (huku wanauita pap, lakini ni ugali tu jamani), na sasa nataka kusema jambo ambalo limekuwa likiniwasha tangu mjadala uanze kwenye kundi letu la familia la WhatsApp.

Ni habari ya binti yetu na kemia.

Kwa wale ambao hawamo kwenye kundi, kwa kifupi ni hivi. Binti wa kaka yangu alimaliza kidato cha nne, akafaulu vizuri masomo ya sayansi, akachaguliwa kwenda kidato cha tano mchepuo wa PCB. Hakwenda, kwa sababu wakati huo alikuwa anakaribia kujifungua. Sasa mtoto amekua kidogo, na yeye anataka kusoma fizikia, kemia na baiolojia akiwa nyumbani kwa simu na mtandao, kisha afanye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baadaye anataka uuguzi au ufamasia. Mimi shangazi yake ndiye nimeombwa nilipe.

Basi kundi likagawanyika pande mbili. Upande mmoja yuko Ba'mdogo, aliyesema kwamba kemia kwa simu ni sawa na kujifunza kulima kwa redio, tusipoteze hela. Upande wa pili yuko binamu yetu wa Dar, aliyetuletea tangazo la kampuni moja ya nje (jina nalihifadhi) inayouza kozi ya kemia kwa dola 650, "kila kitu mtandaoni, cheti cha kimataifa". Yeye anasema shangazi alipe, mtoto apewe simu nzuri na bando la mwezi, mambo yamekwisha.

Mimi nasema hivi: nadharia ya kemia ya kidato cha tano na sita inasomeka kwa simu, tena vizuri. Vitendo havisomeki kwa simu. Kwa hiyo hela yetu iende kwanza kwenye maabara, halafu kwenye bando, na kozi ya dola 650 iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa. Naomba mnisikilize hadi mwisho, hasa Ba'mdogo na binamu.

Nianze na yale ambayo simu inaweza. Hapa chini ya nyumba yangu kuna bustani yenyewe ya Joubert Park, na ndani yake watu wanacheza chesi kwenye mabao makubwa yaliyochorwa chini, na kete zake kubwa za kusukuma kwa mikono miwili. Nimewahi kuongea na kijana mmoja pale, Mkongo wa Bukavu, tunaelewana kwa Kiswahili. Chesi yake yote amejifunzia kwenye simu, na wazee wa pale anawafunga. Hilo linawezekana kwa sababu chesi iko kichwani, mikono inasogeza tu kete.

Na sehemu kubwa ya kemia ya kidato cha sita nayo iko kichwani. Hesabu za moli, msawazo wa mmenyuko, nishati ya mmenyuko, muundo wa atomu, majina ya kampaundi za kaboni (wenyewe tulikuwa tunaita ogani). Mwanafunzi anahitaji mtu wa kumweleza, kitabu kizuri, maswali mengi, na mtu wa kusahihisha. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Khan Academy wanafundisha kemia bure. Wale wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, wana michezo ya kompyuta ambamo unachezea miyeyusho ya asidi na besi na kuona namba ya pH ikibadilika. Nayo ni bure. Kwa hiyo mnaposikia dola 650, jiulizeni kwanza tunanunua nini ambacho hakipo.

Tena mimi nimeshaanza naye, msidhani naongea kutoka hewani. Jumanne na Ijumaa nikiwa siko kazini, saa tatu usiku ya huku ambayo kwenu ni saa nne, mtoto wake akiwa amelala, tunasoma. Hatutumii video maana bando linakwisha kama chumvi kwenye maji. Yeye anapiga picha daftari, ananitumia, mimi nasahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia picha, na pale anapokwama namwelezea kwa ujumbe wa sauti. Dakika nne, tano, basi. Anausikiliza mara nyingi apendavyo, jambo ambalo mwalimu wa darasani hakupi.

Na kazi yangu ya uuguzi inasaidia kuliko nilivyotegemea. Juzi tulikuwa kwenye moli na ujazo. Nikamwambia achukue dripu ya kawaida ya chumvi, ile ya asilimia 0.9. Maana yake ni gramu 9 za chumvi katika lita moja. Moli moja ya chumvi ya kawaida ni gramu 58.5. Gawanya 9 kwa 58.5 unapata moli 0.154, yaani milimoli 154 kwa lita. Nikampigia picha mfuko wa dripu ulivyoandikwa, na pale pembeni imechapwa 154 ya sodiamu na 154 ya kloridi. Alinyamaza kidogo, halafu akaandika, "Shangazi, kumbe hii namba inatoka hapa!" Ndiyo, mwanangu, inatoka hapo.

Mada ya msawazo tukaisoma kwa damu. Damu ya binadamu inakaa kwenye pH 7.35 hadi 7.45, na kinachoizuia isiyumbe ni pamoja na bikaboneti na asidi ya kaboni zinazosawazishana. Mgonjwa wa kisukari akipatwa na asidi nyingi mwilini anaanza kupumua kwa kina na kwa haraka, kama mtu aliyekimbia. Wengine wodini wanadhani ana pumu. Kumbe mwili unatoa kaboni dayoksaidi nje ili msawazo usogee upande wa kupunguza asidi. Ni kanuni ileile ya Le Chatelier ya kwenye kitabu, ipo kitandani namba sita inahema. Vitu kama hivi vinafundishika kwa simu, tena kutoka Johannesburg hadi kwenu. Kwa hiyo Ba'mdogo, hapo naomba unielewe. Siyo kupoteza hela.

Sasa nije kwenye yale ambayo simu haiwezi, na hapa namgeukia binamu.

Mtihani wa kemia wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani una pepa tatu. Mbili ni za nadharia, ya tatu ni ya vitendo. Hiyo ya tatu unaingia maabara, unakuta bureti, pipeti, flaski, chumvi usiyoijua jina, saa, na muda unakwenda. Hakuna sehemu ya kuandika "niliona kwenye video".

Niwaeleze kazi yenyewe kwa wale ambao hawakusoma sayansi. Bureti ni bomba refu la kioo lenye vipimo na koki chini. Unajaza asidi humo. Kwenye flaski chini unaweka alikali uliyoipima kwa pipeti, na matone machache ya kiashiria kinachobadilika rangi. Unafungua koki kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unazungusha flaski polepole. Mwanzo unaweza kumwaga haraka. Ukikaribia mwisho ni tone moja moja, na mara nyingine nusu tone, unalikamata kwenye ncha ya bureti na kulisuuza ndani ya flaski. Rangi ikigeuka, unafunga. Ukichelewa kwa tone moja au mawili umepita, unaanza upya. Halafu unasoma kipimo macho yakiwa sawa na usawa wa maji, usisome kutoka juu wala chini. Unarudia hadi majibu yako yakaribiane, tofauti iwe sehemu ndogo tu ya sentimita moja ya ujazo.

Hilo haliko kichwani. Liko kwenye vidole. Mara ya kwanza kila mtu anapita. Mara ya kumi vidole vinajua vyenyewe.

Halafu kuna kutambua chumvi. Unaichoma kwenye moto: sodiamu inatoa njano kali, potasiamu zambarau hafifu, shaba kijani chenye ubuluu. Njano ya sodiamu ni jeuri, inaweza kufunika zambarau ya potasiamu usiione kabisa, na kwenye video utaona rangi ambayo kamera imeamua kukuonyesha. Unapasha moto na alikali, unapunga mvuke kuelekea puani kwa mkono ili usikie kama ni amonia. Jamani, kuna simu gani inayopitisha harufu ya amonia?

Wauguzi tunalijua hili kuliko watu wengi. Nina shahada ya uuguzi, nilisoma mshipa uko wapi, sindano inaingia kwa pembe gani, yote niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini mshipa wa kwanza wa mtoto mwenye maji kidogo mwilini niliupata baada ya kusimama wodini na dada mzoefu akiwa ameshika mkono wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia nimtafutie mgonjwa mshipa kwa sababu nilitazama video.

Watu waliofundisha kwa masafa tangu zamani walilijua jambo hili, siyo langu mimi. Ba'mdogo alitania kuhusu kulima kwa redio. Sasa Ba'mdogo, wewe si unakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973? Mwaka ule Watanzania wapatao milioni mbili walisoma afya kwa redio. Lakini hawakuachwa na redio peke yake. Walikaa kwa vikundi, kila kikundi kina kiongozi na kijitabu, kipindi kikiisha wanajadiliana, halafu wanakwenda kuchimba choo. Sauti ilitoka Dar es Salaam, jembe lilikuwa kijijini. Choo hakikuchimbwa na redio. Hiyo ndiyo elimu ya masafa iliyofanikiwa kwetu, na mimi naiomba hiyohiyo kwa binti: sauti kutoka mbali, na jembe lake la karibu ni maabara.

Huku nilipo kuna chuo kikuu cha UNISA, kinafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Wafungwa wa kisiasa walisoma nacho. Mzee Mandela mwenyewe alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Lakini sheria haina bureti. UNISA hiyohiyo, pamoja na umri wake wote, ina kampasi ya sayansi pale Florida, magharibi mwa Johannesburg, na wanafunzi wa kemia huitwa kwenda kufanya vitendo kwa mikono yao. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1971 kilikuwa kinawatumia watu vifaa vya majaribio kwa posta hadi nyumbani. Na England, tangu mtaala mpya wa mwaka 2015, mwanafunzi wa kemia ya A-level anatakiwa afanye vitendo visivyopungua 12, na matokeo ya vitendo yanaandikwa peke yake, mbali na daraja la mtihani. Anayesoma peke yake nyumbani inambidi atafute mahali pa kuvifanyia na alipie. Matajiri wenye intaneti ya kasi wameshindwa kuikwepa maabara, sisi tutaikwepaje kwa bando la wiki?

Najua mtaniambia, "Mbona wengi wanakariri tu? Jedwali la kutambua chumvi lipo, unalimeza, unafaulu." Ni kweli wapo. Nilisoma shule ambayo bureti moja tulitumia watu wanne, mmoja anafanya, watatu wanaandika alichosoma yeye. Tulifaulu baadhi yetu. Lakini binti yetu hataki kemia ili aipambe kwenye fremu. Anataka kupima dawa za watu. Anayetaka kushika chupa ya potasiamu, ambayo ukiichoma haraka kwenye mshipa moyo unasimama, lazima awe amezoea tangu ujana kwamba tone moja lina maana na kwamba kipimo kinasomwa mara mbili. Tabia hiyo haimezwi kama jedwali.

Wengine mmesema aende tu shule ya bweni, maana tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi masomoni. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na nilifurahi sana kuusikia. Lakini bweni halipokei mtoto mchanga, na mama yangu miguu inamsumbua, hawezi kukaa na kitukuu miezi mitatu mfululizo. Anaweza kukaa naye siku moja moja. Wengine mmesema apite njia ya stashahada, aingie chuo cha uuguzi kwa cheti cha kidato cha nne kisha ajiendeleze hadi shahada. Hiyo ni njia halali, wenzangu wengi wazuri walipita huko, na ikishindikana hii tutaishika hiyo. Lakini ufamasia wa shahada na milango mingine mingi inataka kemia ya kidato cha sita. Mtoto ana kichwa. Tusimchagulie njia fupi kwa sababu tu ametuletea mjukuu.

Kuhusu kozi ya dola 650, simwiti mtu yeyote tapeli. Ila huku Johannesburg nimejifunza kusoma matangazo. Nguzo za umeme kati ya hapa na stendi ya Noord zimejaa karatasi za vyuo vinavyoahidi cheti haraka, na serikali ya huku imekuwa ikiwaonya watu mara kwa mara kuhusu vyuo visivyosajiliwa. Muuguzi mwenzangu kutoka nchi jirani alilipia mdogo wake kozi kwenye chuo kimoja cha namna hiyo, na mwisho wa mwaka mtoto akaambiwa mtihani "utafutwe mahali pengine". Kwa hiyo kabla ya kulipa senti, muulizeni muuzaji maswali matatu. La kwanza, mtihani ni wa baraza gani, na je, Baraza letu la Mitihani litakilinganisha cheti hicho na chetu? La pili, vitendo atafanyia wapi, jengo gani, mji gani? La tatu, nani anasahihisha kazi zake, na anarudisha baada ya siku ngapi? Binamu, mimi niliwaandikia hao wa kwenye tangazo lako. La kwanza walijibu vizuri. La pili walisema vitendo vinatazamwa kwenye video. Basi, mimi hapo nilifunga pochi.

Haya, sasa tufanye nini? Msiseme shangazi amekuja na maneno matupu.

Mnakumbuka michango ya maabara ya mwaka 2014? Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Mlichangishwa. Wengine mlitoa hela, wengine mchanga na matofali, na wengine mlisumbuliwa na mgambo, nakumbuka simu mlizonipigia mkilalamika. Mimi pia nilituma changu. Majengo yale mengine yamekamilika na yana vifaa. Sasa niambieni, likizo ya Juni na ya Desemba yanafanya nini? Yamefungwa kwa kufuli.

Hoja yangu ni kwamba maabara ile ni yetu. Tuliilipia. Kaka yangu aende kwa mkuu wa shule kwa adabu, na barua, aombe binti na wenzake wachache wanaosoma kwa kujitegemea waruhusiwe kuingia kwa siku kadhaa za likizo, chini ya mwalimu wa kemia au fundi wa maabara. Tusiombe bure. Kemikali zinanunuliwa, na mwalimu anaacha shamba lake kuja kusimama pale. Tulipe kemikali zote zitakazotumika na posho ya mwalimu, na risiti ipite ofisini kwa mkuu wa shule, isiwe chini ya meza. Sekondari ya kata haina kila kitu cha kidato cha sita, hilo najua. Lakini bureti ni bureti. Asidi na alikali ni zilezile. Kwa yale machache yatakayobaki, wiki chache kabla ya mtihani alipie mafunzo ya vitendo kwenye shule yenye kidato cha sita, ikiwezekana palepale atakaposajiliwa kufanyia mtihani.

Nimepiga hesabu. Sehemu ndogo tu ya zile dola 650 inatosha siku kumi na mbili za maabara kwa mwaka wa kwanza, kwa bei ambazo kaka ameshaniulizia. Mimi nitalipa hizo siku zote. Bando ninaomba mgawane nyie: binamu miezi sita, Ba'mdogo miezi sita. Mama atakaa na mtoto siku za maabara tu, siyo zaidi. Wifi yangu asimpe binti kazi za jioni siku za Jumanne na Ijumaa. Hilo la mwisho halina gharama, lakini ndilo naogopa litashindikana kwanza.

Wakati tunasubiri likizo, kuna mambo madogo anaweza kufanya nyumbani. Nimemwambia achemshe choya, maji yake mekundu ni kiashiria: weka ndimu yanazidi kuwa mekundu, weka magadi yanageuka kuelekea kijani. Atumie bomba la sindano jipya lisilo na sindano kudondosha tone moja moja hadi rangi igeuke, na aandike idadi. Atazoesha mkono na jicho. Lakini naomba sana, na hili nawaambia watu wazima wote wa nyumba ile: asiguse maji ya betri ya gari eti ni asidi ya kufanyia mazoezi. Nimewahi kuhudumia macho yaliyorukiwa na kitu kile. Asidi kali ni ya maabara yenye maji ya bomba, miwani na mwalimu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitaka maabara.

Na kwenu marafiki mlioko nje kama mimi, Muscat, London, Minneapolis, popote. Tunapenda kutuma simu. Simu inapigwa picha, inaonekana, mtu anashukuru. Siku ya maabara haipigwi picha nzuri, na hela yake inakwenda kwenye chupa za kemikali na posho ya mwalimu ambaye hutamjua. Lakini kama una mdogo wako anayesoma sayansi kwa mtandao, uliza swali moja kabla ya kutuma chochote: "Mara ya mwisho umeshika bureti lini?" Akijiuma-uma, ujue hela yako iende wapi.

Walimu wa kemia mnaonisoma (najua mpo wawili au watatu), niambieni kama siku kumi na mbili zinatosha au nimebana sana. Ba'mdogo, nasubiri jibu lako kwa hamu, na safari hii usitume ule mkono wa dole gumba tu, andika maneno. Kaka, barua ya mkuu wa shule nimeshaiandika rasimu, nitakutumia leo usiku uiangalie.

Msalimieni Mama, mwambieni dawa ya miguu inakuja na mtu wa mwezi ujao. Nami niende kulala, kesho naingia saa moja asubuhi.

Wenu, Shangazi wa Joubert Park.